Kabla ya Kulipia Zana ya Kutengenezea Programu za Majukwaa Mengi: Leseni, Ukomo wa Mapato na Siku Utakapoacha Kulipa

Ukurasa wa bei wa zana ya kutengenezea programu kwa kawaida huwa na safu tatu au nne: mpango wa bure, mpango wa mtu mmoja, mpango wa timu, na mpango wa kampuni kubwa ambao bei yake haitajwi mpaka uwaandikie. Safu hizo zinakueleza utatoa kiasi gani mwezi huu. Hazikuelezi kwa uwazi mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, yana uzito kuliko bei yenyewe: ni nani hasa anayeruhusiwa kutumia kila mpango, na utabaki na nini mkononi siku utakapoacha kulipa.

Mwongozo huu unahusu zana za majukwaa mengi, yaani zile zinazomwezesha msanidi programu kuandika msimbo mara moja na kuutoa kama programu ya Android, ya iPhone, ya Windows na pengine ya kivinjari. Umeandikwa kwa ajili ya msanidi anayejitegemea, au kampuni ndogo ya Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Kampala, inayotaka kuuza kazi yake bila kushtukizwa na ankara wala barua ya mwanasheria. Ni vema kufuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu hesabu ya gharama inayokuja mwishoni haina maana kwa mtu ambaye hajajibu maswali yanayoitangulia.

Tenganisha kwanza unachokipewa

Watu husema "tunatumia Flutter" au "tunatumia .NET MAUI" kana kwamba wanataja kitu kimoja chenye leseni moja. Ndani ya kauli hiyo kuna vitu vinne. Kuna maktaba inayoingia ndani ya programu yako na kusafiri nayo hadi kwenye simu ya mteja. Kuna kihariri unachoandikia msimbo. Kuna huduma ya mtandaoni inayoweza kukuundia faili la mwisho. Na kuna duka ambalo programu itapakuliwa. Kila kimoja kina mwenyewe, kina masharti yake, na kina namna yake ya kutoza.

Mfano mzuri ni .NET MAUI ya Microsoft. Maktaba yake iko chini ya leseni ya MIT, ambayo ni miongoni mwa leseni huria (open source) zilizo nyepesi kabisa, kwa hiyo programu utakayoitengeneza haidaiwi chochote. Lakini wengi huitumia ndani ya kihariri cha Visual Studio, na Visual Studio haiko chini ya MIT. Toleo lake la Community ni bure kwa mtu binafsi, hata kama anauza anachokitengeneza. Kwa shirika dogo ni bure kwa watumiaji wasiozidi 5. Kwa shirika ambalo Microsoft inalihesabu kuwa kubwa, yaani lenye kompyuta zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, haliruhusiwi isipokuwa kwa mafunzo ya darasani, utafiti wa kitaaluma na miradi ya programu huria. Anayehamia Visual Studio Code akidhani ameliepuka suala hili asome tena masharti: kihariri chenyewe ni bure kwa wote, lakini kiendelezi cha C# Dev Kit, ambacho kiendelezi cha .NET MAUI kinakitegemea, kinafuata utaratibu uleule wa Community.

Kwa Flutter ya Google hali ni rahisi zaidi. Maktaba na lugha yake ya Dart ziko chini ya leseni ya BSD, na kihariri cha kawaida, kiwe Android Studio au Visual Studio Code, hakitozwi. React Native ya Meta iko chini ya MIT. Zana za Expo, ambazo wasanidi wengi wa React Native huzitumia, nazo ni huria, ila huduma ya Expo ya kuunda programu kwenye seva zao ina mpango wa bure wenye ukomo wa kila mwezi, na ukishapita ukomo huo unalipia. Kotlin Multiplatform ya JetBrains iko chini ya Apache 2.0, na ilitangazwa kuwa thabiti Novemba 2023.

Kwa hiyo chukua karatasi, uandike vitu vinne vya mradi wako, na mbele ya kila kimoja uandike jina la leseni, anayelipwa, na kinachopimwa ili utozwe: idadi ya wasanidi, dakika za seva, mapato ya kampuni, au idadi ya vifaa. Safu ya kinachopimwa ndiyo itakayokuonyesha gharama itakua wapi kazi yako ikifanikiwa.

Mapato ya nani yanahesabiwa?

Mipango mingi ya bure ina ukomo wa mapato, na hapa ndipo wasanidi wa kwetu wanapoteleza mara nyingi, kwa sababu wanadhani kinachohesabiwa ni mapato ya programu moja waliyoitengeneza. Sivyo ilivyo katika mikataba mingi.

Delphi ya Embarcadero, ambayo hutengeneza programu za Windows, macOS, Android na iPhone kutoka msimbo mmoja, ina toleo la Community la bure. Masharti yake ni kwamba mapato yako yasizidi dola 5,000 kwa mwaka na timu isizidi wasanidi 5. Kwa kampuni, dola 5,000 hizo ni mapato yote ya kampuni, si mapato ya programu pekee. Duka la vifaa vya ujenzi linaloajiri kijana mmoja alitengenezee programu ya kufuatilia bidhaa zake litakuwa limevuka ukomo huo hata kabla kijana hajafungua kompyuta.

Unity inajulikana kwa michezo, lakini hutumiwa pia kwa programu za mafunzo na za picha za pande tatu. Mpango wake wa Personal ni bure mradi mapato na fedha za ufadhili kwa miezi 12 iliyopita hazizidi dola 200,000. Zingatia neno ufadhili. Shirika lisilo la kiserikali lililopata ruzuku kubwa kutoka nje, hata kama halijauza kitu hata kimoja, linahesabiwa kuwa limepita. Tena, ukimfanyia kazi mteja, uwezo wa kifedha wa mteja huyo unajumlishwa na wako. Visual Studio Community nayo inazuia wakandarasi wa shirika kubwa kama inavyozuia waajiriwa wake. Ina maana kwamba msanidi anayefanya kazi peke yake nyumbani, ambaye kipato chake ni kidogo, anaweza kulazimika kuwa na leseni ya kulipia kwa sababu tu mteja wake ni benki au kampuni ya simu.

Namna ya kulishughulikia jambo hili ni kumuuliza mteja mapema na kuliweka katika mkataba. Andika kipengele kinachosema kwamba leseni za zana zinazohitajika kutokana na ukubwa wa mteja zitalipwa na mteja, na utaje zana hizo kwa majina. Mteja mkubwa hashangazwi na kipengele hicho, kwa kuwa idara yake ya ununuzi imezoea kulipia leseni. Anayeumia ni msanidi aliyetaja bei ya jumla kwanza na kugundua sharti baadaye.

Angalia pia maneno "matumizi yasiyo ya kibiashara". JetBrains ilianza Oktoba 2024 kutoa vihariri vyake vya WebStorm na Rider bure kwa matumizi ya namna hiyo, na ina leseni za bure kwa wanafunzi na walimu. Ni fursa nzuri ya kujifunzia, na ninawahimiza wanafunzi waitumie. Lakini siku mwanafunzi anapopokea malipo kwa kazi aliyoifanya kwa zana hiyo, leseni ile haimfuniki tena.

Leseni huria zina wajibu, na wajibu haulingani

MIT, BSD na Apache 2.0 zinakuruhusu kuuza programu yako, kuuficha msimbo wako, na kutomlipa mtu yeyote. Zinachotaka, kwa ufupi, ni kwamba tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni viambatane na nakala unayoisambaza. Katika Flutter kazi hii ni nyepesi kwa sababu kuna ukurasa uliokwisha tengenezwa, unaoitwa kwa `showLicensePage`, unaokusanya leseni za vifurushi vyote ulivyovitumia na kumwonyesha mtumiaji. Uweke kwenye menyu ya "Kuhusu", na wajibu wako kwa vifurushi vya kawaida utakuwa umetimia. Katika React Native utahitaji zana ya kukusanya leseni kutoka kwenye orodha ya vifurushi vya npm (hifadhi ya vifurushi vya JavaScript), na ni kazi ya kufanywa kila unapotoa toleo jipya, kwa kuwa kifurushi kimoja unachokiongeza huja na vingine kadhaa nyuma yake.

Usidharau tofauti ndogo za maneno katika leseni. React yenyewe, iliyozaa React Native, ilikuwa chini ya leseni ya BSD iliyoambatanishwa na karatasi ya hataza (patent) ya Facebook. Mwaka 2017 Apache Software Foundation, taasisi inayosimamia miradi mingi huria, iliamua kwamba miradi yake isitumie maktaba zenye kiambatisho hicho, na Septemba mwaka huohuo Facebook iliihamishia React kwenye MIT. Miradi mingine ilikuwa imekwisha anza kujiandaa kuiondoa. Aya moja ya kisheria ilitosha kuwasumbua watu waliokuwa wameandika msimbo wao kwa miaka.

Uzito halisi wa leseni huria unaonekana kwenye Qt. Zana hii ilianzia Norway katika miaka ya 1990 chini ya kampuni ya Trolltech, ikanunuliwa na Nokia mwaka 2008, ikahamia Digia, na leo inamilikiwa na The Qt Company. Inatolewa kwa njia mbili sambamba: leseni ya kibiashara inayolipiwa kwa kila msanidi, na leseni huria za LGPL na GPL. Sehemu kubwa ya maktaba zake iko chini ya LGPL toleo la 3, lakini baadhi, kama ile ya kuchora chati, ziko chini ya GPL peke yake, na ukiziweka ndani ya programu unayoisambaza, programu yako yote inapaswa kutolewa chini ya GPL pamoja na msimbo wake. Kwa hiyo usiseme "Qt ni LGPL" kabla hujaangalia kila moduli uliyoiita.

LGPL yenyewe inaruhusu programu ya kuuzwa yenye msimbo uliofungwa, kwa masharti. Unapaswa kumjulisha mtumiaji kwamba umetumia maktaba hiyo, kumpa maandishi ya leseni, kumwezesha kupata msimbo wa maktaba, na kumwachia nafasi ya kuibadilisha maktaba kwa toleo alilolirekebisha mwenyewe na programu ikaendelea kufanya kazi. Kwenye Windows na Linux sharti la mwisho hutimizwa kwa kuacha maktaba ikae kama faili linalojitegemea. Kwenye iPhone ni tatizo, kwa kuwa Apple hutia saini programu nzima na mtumiaji wa kawaida hawezi kuingiza faili lake ndani yake. Wanasheria hawajaafikiana juu ya jambo hili. Tukio linalokumbukwa ni la Januari 2011, VLC, programu huria ya kuchezea video, ilipoondolewa kwenye duka la Apple kwa sababu masharti ya GPL na masharti ya duka hayakupatana. Ilirudi mwaka 2013 baada ya sehemu za msimbo wake kubadilishiwa leseni. Ushauri wangu kwa kampuni ndogo inayolenga iPhone ni kwamba, kama haina mwanasheria anayeielewa LGPL, ichague zana ya MIT au BSD, au ilipie Qt ya kibiashara.

Uamuzi huo ufanywe kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo. Masharti ya kibiashara ya Qt yanazuia kuchanganya kazi iliyofanywa kwa toleo huria na ile ya toleo la kulipia bila kukubaliana kwanza na kampuni yenyewe, kwa hiyo mpango wa "tuanze bure, tutalipia tukikaribia kuuza" unaweza kukataliwa. Anayetengeneza kifaa chenye Qt ndani yake, kama mashine ya kukatia tiketi, ajue kwamba leseni ya kibiashara kwa kazi hiyo huongeza malipo kwa kila kifaa kinachosambazwa.

Swali la siku utakapoacha kulipa

Hili ndilo swali ninalotaka msomaji alibebe kuliko mengine yote. Biashara hupata misukosuko: mteja anachelewesha malipo, ruzuku inakwisha, mshirika anaondoka. Je, mwezi ambao kadi itakosa salio, programu iliyo mikononi mwa wateja wako itaendelea kufanya kazi? Utaweza kurekebisha hitilafu? Utaweza kuufungua msimbo wako mwenyewe?

Majibu yanatofautiana sana. Malipo ya kila mwaka yasiyoacha chochote yanafanana na kodi ya pango: ukishindwa kulipa unatoka, hata kama umeishi hapo miaka kumi. Unity Pro ni ya aina hii, ingawa aliye chini ya ukomo wa mapato anaweza kurudi kwenye Personal. JetBrains ina utaratibu wa kati ambao ninauona kuwa wa haki: ukilipa miezi 12 mfululizo, unapata haki ya kudumu ya kutumia toleo lililokuwapo mwanzoni mwa miezi hiyo, hata ukiacha kulipa kesho. Matoleo ya kulipia ya Delphi huuzwa kwa leseni ya kudumu pamoja na masasisho ya mwaka wa kwanza. Usipoendelea kulipia masasisho, unabaki na toleo ulilonalo.

Upande wa mrabaha ni tofauti. Unreal Engine, injini ya kutengenezea michezo, hutoza watengenezaji wa michezo asilimia 5 ya mapato ghafi ya bidhaa baada ya dola milioni 1 za kwanza katika maisha yake yote. Bidhaa iliyoingiza dola 1,200,000 inadaiwa asilimia 5 ya zile 200,000 zilizozidi, yaani dola 10,000. Huwezi "kuacha kulipa" mpango wa namna hii bila kuacha kuuza, lakini pia hudaiwi chochote kama bidhaa haikuuza. Kwa kampuni ambazo si za michezo na zina mapato ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, Unreal ilianza mwaka 2024 kutoza dola 1,850 kwa kila mtumiaji kwa mwaka.

Zana za kutengeneza programu bila kuandika msimbo zinahitaji uangalifu wa ziada. Bubble haikuruhusu kuutoa msimbo wa programu yako uende ukauendeshe kwingine, kwa hiyo kazi yako inaishi maadamu akaunti inaishi. Nyingine huruhusu kupakua msimbo, lakini katika mipango ya bei ya juu pekee. Kabla hujaijenga biashara juu ya zana ya aina hii, tafuta kitufe cha kupakua msimbo, uone kiko katika mpango upi, na uhesabu bei ya mpango huo badala ya ile ya chini inayotangazwa.

Hata leseni ya kudumu huchakaa, na sababu haiko kwa aliyekuuzia bali kwenye maduka. Kila mwaka Google Play hupandisha kiwango cha Android ambacho programu mpya na masasisho lazima yalenge. Tarehe 31 Agosti 2025 kiwango hicho kilipandishwa hadi Android 15. Tangu 1 Novemba 2025, programu zinazolenga Android 15 na kuendelea lazima pia ziweze kufanya kazi kwenye simu zinazogawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 16, jambo ambalo msanidi hawezi kulitimiza mwenyewe kama injini ya zana yake haijatolewa upya na mtengenezaji. Apple nayo, tarehe 24 Aprili 2025, ilianza kukataa programu ambazo hazikuundwa kwa Xcode 16, zana yake ya kuundia programu, au toleo la baadaye. Maana yake ni kwamba leseni ya kudumu ya toleo la miaka mitatu iliyopita itakufungulia msimbo wako na kukutolea programu ya Windows bila shida, ila haitakupeleka tena kwenye duka la simu. Unapoona maneno "lipa mara moja", hesabu kwamba kwa programu za simu utalipia masasisho walau kila mwaka wa pili.

Na usisahau duka lenyewe. Google Play hutoza dola 25 za usajili mara moja tu. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, na uanachama ukiisha programu yako haipatikani tena kupakuliwa, ingawa waliokwisha iweka kwenye simu wanaendelea nayo.

Masharti hubadilika

Tarehe 12 Septemba 2023 Unity ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 ingetoza ada kwa kila usakinishaji wa mchezo uliovuka viwango fulani, ikiwemo michezo iliyokwisha kuwa sokoni. Watengenezaji duniani kote walipinga, masharti yakalegezwa siku chache baadaye, mkuu wa kampuni akaondoka Oktoba, na Septemba 2024 ada hiyo ikafutwa kabisa. Pamoja na kufutwa huko, ukomo wa Personal ulipandishwa kutoka dola 100,000 hadi 200,000, na bei ya Pro ikaongezwa asilimia 8 hadi dola 2,200 kwa kila mtumiaji kwa mwaka kuanzia 1 Januari 2025. Katika mwaka huo mmoja, kampuni zilizokuwa na nakala ya masharti waliyoyakubali zilikuwa na kitu cha kushika katika mabishano. Zilizotegemea ukurasa wa mtandaoni zilikuta ukurasa umebadilika.

Mabadiliko huweza pia kuwa mema. Xamarin, zana iliyotangulia .NET MAUI, iliwahi kutozwa dola 999 kwa kila msanidi, kwa kila jukwaa, kwa mwaka katika mpango wake wa Business, kisha Microsoft ikainunua mwaka 2016 na kuifanya bure. Lakini hadithi haikuishia hapo: msaada wa Xamarin ulikoma 1 Mei 2024, na waliokuwa nayo walilazimika kuhamia .NET MAUI kwa gharama ya muda wao wenyewe. LiveCode, zana nyingine ya majukwaa mengi iliyofunguliwa kuwa huria mwaka 2013 kwa michango ya umma, iliacha kutoa toleo huria mwaka 2021; msimbo uliokwisha tolewa ulibaki chini ya GPL na wapenzi wake wakauendeleza. Hiyo ndiyo faida ya programu huria ambayo ukurasa wa bei hauitaji: mwenye zana anaweza kufunga mlango wa kesho, lakini hawezi kukunyang'anya alichokwisha kukupa.

Siku unayokubali masharti, yahifadhi kama faili la PDF lenye tarehe, uandike na namba ya toleo la zana ulilolisakinisha, na uliweke pamoja na risiti.

Kokotoa miaka mitatu, kwa shilingi

Mwaka mmoja ni mfupi mno, kwa sababu punguzo la mwaka wa kwanza huficha bei halisi. Chukua kampuni ya mfano yenye wasanidi watatu. Ikitumia Flutter kutoa programu ya Android na iPhone, malipo ya lazima kwa miaka mitatu ni dola 297 za Apple na dola 25 za Google, jumla dola 322. Ikiwa ni kampuni iliyovuka ukomo wa Unity na inalipia Pro kwa bei ya mwaka 2025 ya dola 2,200, wasanidi hao watatu wanagharimu dola 6,600 kwa mwaka, sawa na dola 19,800 kwa miaka mitatu bei isipobadilika. Bei ikipanda tena kwa asilimia 8 mwanzoni mwa mwaka wa tatu, jumla inafika dola 20,328. Ada za duka ni juu yake.

Kisha geuza kuwa shilingi, na usitumie kiwango cha leo pekee. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu na 130. Zile dola 6,600 za mwaka ni shilingi 858,000 kwa kiwango cha 130, na shilingi 1,056,000 kwa kiwango cha 160. Tofauti ya shilingi 198,000 inatokea bila mwenye zana kubadilisha chochote. Weka katika bajeti kiwango kibaya zaidi ulichokiona katika miaka mitatu iliyopita. Bei nyingi za kampuni za nje hutajwa kabla ya kodi, kwa hiyo angalia pia Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania Bara na 15 Zanzibar, na umwulize mhasibu wako kama malipo ya leseni kwenda nje ya nchi yanadaiwa kodi ya zuio.

Kompyuta ya Mac ni gharama ambayo wengi huigundua wakiwa wamekaribia kutoa programu. Programu ya iPhone haiwezi kuundwa bila Xcode, na Xcode haiendeshwi isipokuwa kwenye macOS. Unaweza kununua Mac ndogo ya timu nzima, au kukodi kwenye seva. Ukikodi Mac nzima, jua kwamba leseni ya macOS inataka ukodishaji usiopungua saa 24 mfululizo, kwa hiyo kazi ya nusu saa utailipia siku nzima. Huduma za kuunda programu kwa dakika, kama Codemagic, hukwepesha tatizo hilo, na kwa kampuni inayotoa toleo mara moja au mbili kwa mwezi ninaona ndiyo njia yenye nafuu.

Ikiwa programu yako itauza bidhaa za kidijitali kupitia duka, kamisheni inaweza kuzidi gharama ya zana zote. Apple hutoza asilimia 30 kwa kawaida, na asilimia 15 kwa wasanidi ambao mapato yao hayajazidi dola milioni 1 kwa mwaka, lakini ni sharti uombe kuingizwa katika mpango wa biashara ndogo. Kwa mauzo ya dola 20,000 kwa mwaka, kutojaza ombi hilo kunakugharimu dola 3,000. Programu zinazouza chakula, usafiri au bidhaa za kushikika hazihusiki na kamisheni hii.

Leseni iwe kwa jina la nani

Fungua akaunti zote, za zana na za duka, kwa anwani ya barua pepe ya kampuni ambayo watu wawili wanaweza kuifikia, kamwe isiwe anwani binafsi ya msanidi aliyepo. Leseni nyingi za kulipia huandikwa kwa mtumiaji anayetajwa kwa jina, na wasanidi wawili hawaruhusiwi kupokezana leseni moja hata kama hawafanyi kazi kwa wakati mmoja. Wanachoruhusiwa, katika mikataba mingi, ni kuihamishia kwa mwingine mmoja wao anapoondoka kazini.

Soma jinsi malipo yanavyojirudia. Mpango unaotajwa kwa bei ya mwezi unaweza kuwa ni ahadi ya mwaka inayolipwa kwa mafungu, na ukijitoa mwezi wa nne utaendelea kudaiwa minane iliyobaki. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni inayojazwa kutoka kwenye simu, kama ile ya M-PESA GlobalPay nchini Kenya, iwekee salio kabla ya siku ya kujirudia, kwa sababu malipo yakigoma leseni inaweza kusimama katikati ya kazi. Weka ukumbusho wa kalenda siku 45 kabla ya tarehe hiyo, ukiwa na maswali matatu: bei mpya ni ngapi, wasanidi wangapi bado wanaitumia zana hii, na je, mapato ya mwaka uliopita, pamoja na ya wateja tuliowahudumia, yametuhamishia kwenye mpango mwingine?